Daraja la Upinde la Kujiunganishia kwa Reli za Modeli: Katikati Pazuri, Nchani Pana Kazi

Seti ninayoitathmini hapa ni ya daraja la reli la upinde wa chuma katika skeli ya 1:87, ile ambayo wajenzi wa treni za modeli huiita HO na ambayo reli zake zina upana wa milimita 16.5. Likikamilika, daraja lina urefu wa mita 2.1 kutoka ukuta wa kuegemea wa upande mmoja hadi wa upande mwingine, upinde wa mita 1.2 kutoka mguu hadi mguu, na kimo cha sentimita 62 kutoka chini ya bonde hadi kwenye mataruma. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa sababu kasoro kubwa nitakayoieleza si yake peke yake. Inajirudia katika seti nyingi za madaraja marefu, na mtu akishaielewa ataitambua popote atakapoikuta.

Anayeyafahamu madaraja atatambua mara moja kwamba mchoro wake umelifuata daraja la Garabit, lililojengwa na kampuni ya Gustave Eiffel juu ya mto Truyère nchini Ufaransa na kukamilika mwaka 1884. Daraja lenyewe lina upinde wa mita 165, urefu wa jumla wa mita 565, na kimo cha takriban mita 122. Ukigawanya vipimo hivyo kwa 87 utaelewa kwa nini hakuna mtengenezaji anayethubutu kuliuza zima zima: upinde peke yake ungechukua karibu mita 1.9, daraja lote lingefika mita 6.5, na reli ingepita mita 1.4 juu ya mto, yaani karibu na kifua cha mtu mzima. Kwa hiyo ufupishaji ni wa lazima, na swali la kumuuliza mtengenezaji ni amefupisha nini.

Hapa nampongeza bila kusita. Ziko seti ambazo hupunguza kila kitu kwa pamoja, hata vyuma vyenyewe vikawa vyembamba kama vya skeli ndogo zaidi, na treni inapopita juu yake huonekana kama jitu linalotembea juu ya ua wa fito. Mchoraji wa seti hii amefanya kinyume chake. Ameacha unene wa kila chuma ulivyopaswa kuwa kwa 1:87, akaacha pia kimo cha kenchi ya kupitishia reli (fremu ya vyuma iliyo juu ya upinde), kisha akapunguza idadi ya vyumba vya kenchi, yaani nafasi kati ya chuma cha wima na kingine. Daraja limekuwa fupi lakini halikudhoofika machoni, na ukipiga picha sehemu yake moja tu huwezi kujua kwamba kuna kilichoondolewa.

Jambo la pili alilolielewa ni umbo la upinde ukitazamwa kutoka mwishoni. Jioni ya tarehe 28 Desemba 1879 daraja la Tay huko Uskoti liliporomoka katika dhoruba likiwa na treni juu yake, na baada ya hapo hakuna mhandisi wa reli aliyeweza kuuchukulia upepo kama jambo la pembeni. Pale Garabit upinde ni mwembamba kileleni na hupanuka kadiri unavyoshuka kuelekea miguuni, ili daraja lisimame imara linaposukumwa kutoka ubavuni, na vyuma vyake vimepangwa kama kimia ili upepo upenye. Watengenezaji wengi wa modeli hulikwepa umbo hilo kwa sababu linawapa taabu, wakaweka mbavu mbili zilizosimama wima na kulingana kutoka juu hadi chini. Seti hii imelifuata kwa uaminifu. Mbavu zake zimeinamiana, na kila chuma cha kuziunganisha kina urefu wake, kwa maana hakuna viwili vya ngazi tofauti vinavyolingana.

Uaminifu huo ungekuwa adhabu kwa mjenzi kama kasha lisingekuwa na kiolezo cha kuunganishia. Ni fremu ya plaiwudi iliyokatwa kwa leza, yenye mapengo yanayoshika kila ubavu katika mwinamo wake kamili huku mikono yote miwili ikibaki huru. Unaweka ubavu wa kwanza, unausukuma mpaka usikie umekaa, unaweka wa pili, kisha unaanza kupachika vyuma vya kati kutoka miguuni kwenda kileleni. Nilipima pembe kwa guni kabla ya kutia gundi na baada ya gundi kukauka, na sikuona tofauti ya kuitaja. Kipande hiki cha plaiwudi, ambacho mwisho wa kazi hutupwa, ndicho kitu bora kuliko vyote vilivyomo ndani ya kasha.

Vilivyobaki ni hivi: fremu za plastiki ya polistirini zilizobeba vipande vya kimia, karatasi mbili za shaba ya manjano zenye bamba za viungo zilizokatwa kwa asidi, chaneli mbili za alumini za kubebea reli, na mfuko wa bolti ndogo na nati zake. Plastiki imemiminwa vizuri; mabaki ya pembeni ni machache na huondoka kwa kupitisha kisu mara moja. Vichwa vya ribiti vina upana wa karibu nusu milimita. Kwa hesabu ya skeli vingepaswa kuwa vyembamba kidogo zaidi, lakini baada ya rangi sioni atakayelalamika isipokuwa yule aliyekuja na kalipa mfukoni. Bamba za shaba ni nyembamba mno, na anayezitoa kwenye karatasi yake kwa koleo badala ya kuzikata kwa kisu juu ya kipande cha kioo atazipinda. Mwongozo haulisemi hilo.

Na mwongozo wenyewe ni mahali pa kutulia kidogo. Umejaa michoro, hauna maneno isipokuwa orodha ya vipande, na kwa sehemu kubwa ya kazi michoro inatosha. Kila kipande kina namba iliyochapwa kwenye fremu yake, na namba hizo zinafuata mpangilio wa kazi, jambo dogo linalookoa muda mwingi wa kutafuta. Tatizo ni kwamba mchoro unaweza kukuonyesha kitu kinakwenda wapi bila kukuambia kwa nini kiko hapo wala kinapaswa kufanya nini. Penye mapambo hasara ya ukimya huo ni ndogo. Penye kazi ya kweli ya daraja, hasara yake inakuja baadaye, treni zikiwa zimeshaanza kupita.

Kabla ya kufika huko, niseme jambo kuhusu nguvu, kwa sababu wako wajenzi wanaoiona seti hii kama udanganyifu. Mzigo wote wa treni hubebwa na chaneli ya alumini iliyofichwa ndani ya kenchi ya juu. Upinde na kimia chake vinajibeba vyenyewe tu, na nguzo fupi zinazosimama juu ya upinde zinaigusa chaneli bila kuisaidia. Mtu anayependa daraja libebe kwa njia ileile ambayo lile la kweli hubeba atakasirika, nami namwelewa. Lakini hesabu ya skeli inaeleza kwa nini hasira hiyo haina uzito mkubwa kiufundi. Ukipunguza daraja mara 87, eneo la ukato wa kila chuma hupungua mara 7,569, ilhali uzito wake hupungua zaidi ya mara 658,000. Kwa hiyo modeli, hata ikijengwa kwa malighafi ileile, inaubeba uzito wake kwa urahisi mara 87 kuliko daraja lenyewe. Kimia kinachobeba mzigo wake kwa haki katika skeli hii kinaweza kutengenezwa kwa shaba na kulehemiwa, na ni kazi ya kupendeza sana, ila mzigo hauhitaji ustadi huo.

Mzigo wenyewe nao si wa kutisha. Chama cha wajenzi wa reli za modeli cha Marekani, NMRA, kilichoundwa mwaka 1935, hupendekeza kwamba behewa la HO liwe na uzito wa aunsi moja, kisha iongezwe nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wake. Behewa la sentimita 15 basi huwa na takriban gramu 113. Behewa la kweli la tani 100 likipunguzwa kwa hesabu kamili lingekuwa na gramu 152 hivi, kwa hiyo mabehewa yetu hayako mbali sana na ukweli, ingawa pendekezo hilo liliwekwa ili yasiache reli kwenye kona. Nilipanga treni ya mizigo iliyojaza daraja lote, injini nzito ikiwa katikati ya upinde, na chaneli ikashuka kama milimita moja. Nilipoongeza vyuma juu ya mabehewa mpaka mzigo ukawa maradufu ilishuka kama milimita mbili, na nilipoviondoa ikarudi mahali pake. Kwa skeli ya HO sina la kudai zaidi, isipokuwa moja: chaneli mbili zimeungwa katikati kabisa ya upinde, mahali ambapo mpindo wa boriti ni mkubwa kuliko pengine pote. Chaneli moja ingekuwa ndefu na nyingine fupi, kiungo kingeangukia juu ya nguzo kubwa, na bolti zisingekuwa na kazi yoyote ya maana. Urefu wa kasha ndio ulioamua hapa, si uhandisi.

Sasa nije kwenye ncha. Picha ya kasha, kama picha za makasha yote ya namna hii, inaonyesha upinde ukining'inia juu ya bonde, na mwisho wa daraja umefichwa nyuma ya miti ya plastiki. Mwongozo nao unafuata roho ya picha: kurasa nyingi za upinde, na mchoro mmoja tu unaoonyesha kenchi ikigundishwa kwenye ukuta wa kila upande. Mchoro mwingine kabla yake unaelekeza gundi ipakwe kwa urefu wote kati ya chaneli ya alumini na kimia cha plastiki kinachoifunika. Maelekezo haya mawili, yakifuatwa kama yalivyo, yanaharibu daraja lililobuniwa vizuri.

Sababu yake ni joto. Alumini hutanuka kwa takriban milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na polistirini hutanuka mara tatu ya hapo. Chumba kikipanda joto kwa nyuzi 20, kama inavyoweza kutokea darini, katika banda la bati au karibu na dirisha linalopigwa na jua, chaneli ya mita 2.1 itarefuka kwa milimita moja hivi, na kimia cha plastiki kitataka kurefuka kwa karibu milimita tatu. Kikiwa kimeshikwa na gundi kwa urefu wake wote, hakina pa kwenda ila kutoka nje kwa mawimbi.

Ili nisiseme kwa nadharia tupu, ubavu mmoja wa kenchi niliugundisha kama mwongozo unavyotaka, na ule wa pili niliugundisha sentimita chache tu za katikati, nikauacha uliobaki ushikwe na vijino vyake bila gundi. Majira ya joto yalipopita tofauti ilionekana bila kifaa chochote. Ukiweka jicho usawa wa reli na kutazama kwa urefu, ubavu wa pili umenyooka kama ulivyokuwa. Wa kwanza una mawimbi mepesi kati ya kiungo na kiungo, na bamba mbili za shaba zimebanduka upande mmoja, zikaacha mstari mweupe ambapo rangi imepasuka. Mtengenezaji angeweza kulizuia hilo kwa sentensi moja.

Ukuta wa mwisho unahitaji maelezo marefu zaidi. Daraja la kweli la chuma lenye urefu wa mita 100 hurefuka kwa takriban milimita 36 joto likipanda kwa nyuzi 30, na ndiyo maana wahandisi hulifunga upande mmoja na kuuacha upande wa pili uteleze au ubingirike juu ya viegemeo vyenye rola. Cha kushangaza ni kwamba seti hii inazo rola hizo. Zimemiminwa kwa ustadi, na hata bamba la chini lina ribiti zake, lakini ni kipande kimoja cha plastiki kisichosogea, kisha mwongozo unaelekeza kigundishwe juu na chini. Tumepewa sura ya kiegemeo na tukanyimwa kazi yake.

Tiba yake haina ugumu. Upande mmoja wa daraja hufungwa ukutani kwa skrubu mbili zinazopita kwenye chaneli, ili siku moja uweze kulitoa. Upande wa pili skrubu hupita kwenye tundu lililorefushwa kwa tupa kufuata mwelekeo wa reli, na kati ya chaneli na ukuta huwekwa kipande chembamba cha plastiki telezi, na nati hukazwa kwa kiasi cha kuzuia daraja lisinyanyuke bila kulizuia lisiteleze. Rola za plastiki hugundishwa chini tu na hubaki kuwa pambo. Meza ya mbao inayobeba reli zako nayo huvimba na kusinyaa kwa unyevu, kwa hiyo hata mwenye chumba chenye joto lisilobadilika asidhani kwamba jambo hili halimhusu.

Reli lazima ifuate daraja katika hilo. Pale upande unaoteleza, niliacha pengo la milimita moja katika kila reli, juu kabisa ya mpaka wa daraja na ukuta, na magurudumu hulivuka kwa mlio mdogo ambao kwa kweli unapendeza. Pengo hilo lakini hukata umeme, na kiungio cha bati kilicholegea hakiaminiki kuupitisha, hasa kwa mfumo wa kidijiti wa DCC ambao injini hupokea amri zake kupitia umeme uleule wa reli. Waya za kulisha umeme zilehemiwe kwenye reli za daraja zenyewe, ziteremke ndani ya mojawapo ya nguzo kubwa, ambazo kwa bahati nzuri zina uwazi ndani, na zipewe ulegevu kidogo upande unaosogea. Jambo hili nalo mwongozo hauligusi.

Kuna jingine la umeme ambalo linaweza kumsumbua mjenzi mpya kwa muda mrefu kabla hajalijua chanzo chake. Madaraja ya reli huwa na reli mbili za ulinzi katikati ya zile za kupitia treni, ili behewa likitoka kwenye njia lisianguke bondeni. Seti inatoa reli hizo za chuma halisi, na zinapendeza, lakini ncha zake zimekunjwa zikutane katikati, yaani reli zote mbili za ulinzi zimeungana na kuwa waya mmoja. Gurudumu moja la chuma likiigusa ya kushoto na jingine likiigusa ya kulia, umeme hupata njia ya mkato, ikapigwa shoti, na treni zote zikasimama. Hitilafu ya namna hii hutokea kwa behewa moja kati ya mengi, tena si kila mara, na ndiyo maana ni vigumu kuikamata. Kata reli ya ulinzi moja katika kila ncha, jaza mkato kwa kipande cha plastiki, upake rangi, hakuna atakayeuona. Hakikisha pia kwamba hakuna msumari wa taruma unaofika kwenye chaneli ya alumini, kwa sababu chaneli hiyo nayo hupitisha umeme kutoka mwisho hadi mwisho.

Kuhusu kimo cha reli, zilizomo ni za ukubwa uitwao kodi (code) 83, yaani zenye kimo cha milimita 2.1. Mwenye reli za kodi 100, ambazo zina milimita 2.5, atapata ngazi ya karibu nusu milimita penye mlango wa daraja, na magurudumu ya injini ndefu hulihisi jambo hilo. Kipo kiungio maalumu cha kuunganisha kodi hizo mbili, au unaweza kuweka vipande vya kadi chini ya mataruma ya upande wa chini kwa kupungua taratibu. Ninachosisitiza zaidi ni unyoofu wa njia. Daraja hili limenyooka lote, na behewa la abiria la mita 26.4 katika skeli hii lina sentimita 30 nzima. Kona ikianzia ukutani kabisa, behewa litaingia darajani likiwa bado limepinda na pembe yake itakwaruza uzio wa kijia wanachopita wafanyakazi wa reli, ambao ndicho kipande dhaifu kuliko vyote. Acha angalau urefu wa behewa moja la njia iliyonyooka kila upande. Nafasi hiyo ihesabiwe kabla ya kununua, kwa kuwa mita 2.1 za kwenye kasha kwa kweli zinadai mita 2.7 za meza.

Rangi sina mengi. Paka vipande vikiwa bado kwenye fremu, kwa sababu kimia kikishakaa mbele ya kimia brashi haifiki, na mpulizo wa rangi huacha vivuli. Shaba ipewe rangi ya msingi ya metali kwanza. Seti haina rangi wala gundi.

Baadhi ya watu wameuliza kama ubunifu huu, plastiki nje na chaneli ndani, unafaa kukuzwa kwa treni za bustanini za skeli ya 1:22.5, aina ambayo kampuni ya Ujerumani ilianza kuiuza kwa jina la LGB mwaka 1968. Maoni yangu ni kwamba haufai. Upinde wa mita 165 katika skeli hiyo ni mita 7.3, injini moja ina uzito wa kilo kadhaa, na jua huila polistirini mpaka ikawa ngumu na kukatika kama biskuti. Huko nje upepo hausomi skeli: unavuma kwa nguvu yake kamili dhidi ya daraja dogo, na mvua inajaa katika kila chaneli isiyotobolewa. Daraja kubwa la bustani linataka chuma kilicholehemiwa au alumini iliyofungwa kwa bolti, nguzo zilizosimama juu ya zege, na kimia kinachobeba kweli. Hapo ndipo wale waliokasirishwa na chaneli iliyofichwa watakapopata haki yao, kwa sababu kadiri skeli inavyokua ndivyo ukato wa chuma unavyorudi kuwa hoja.

Huduma ya mtengenezaji ilikuwa nzuri kuliko mwongozo wake. Kipande kimoja cha uzio kilikuwa hakikujaa plastiki. Nilituma picha na namba yake, nikaletewa fremu nzima mpya bila kuulizwa risiti. Nilipoandika kuhusu gundi na viegemeo jibu lilikuwa la heshima lakini fupi, kwamba wateja wengi huliweka daraja kwenye kabati la kioo bila kupitisha treni. Inawezekana ni kweli. Basi kasha liseme hivyo, kwa kuwa limechorwa treni ya mizigo ikipita juu yake.

Kwa mjenzi aliyewahi kuunganisha nyumba na stesheni za plastiki, mwenye kisu kizuri, guni, tupa na chuma cha kulehemia, na aliye tayari kuzipuuza kurasa mbili za mwongozo, naipendekeza seti hii. Sijaona nyingine ya plastiki katika HO inayoutendea haki upinde uliopanuka miguuni. Anayeanza kabisa na anayetaka daraja la kupitisha treni kila siku aanze na kenchi fupi ya boriti moja, ambapo milimita za joto ni chache na makosa ya nchani hayaonekani. Mwenye kabati la kioo anunue bila wasiwasi. Na yeyote atakayeiagiza amuulize muuzaji kwanza kama toleo analouziwa bado lina chaneli mbili zinazolingana urefu. Kama ndivyo, chaneli moja ndefu ya alumini kutoka duka la vifaa vya ujenzi, iliyokatwa kwa msumeno na kutobolewa kwa kufuata zile za kasha, inaingia mahali pake bila kubadilisha kitu kingine chochote.